Ushirika wa kweli ni upi?

Wamama wapendwa, juma hili tuseme jambo linalotugusa sisi wenyewe. Kwa sikukuu yetu tulipatana kila mama ashone kikwembe cha namna moja. Tulipendeza kweli! Lakini mwenzetu mmoja, mjane, hakuwa na makuta ya kukinunua, akabaki nyumbani. Juma la kwanza tulisema amesafiri, la pili tukasema amelegea katika imani. Hakuna aliyekwenda kubisha hodi. Tulipofika mwishoni, tulikuta mtoto wake ana homa siku ya nne, na unga umekwisha.

Tuliona haya. Siku zile zote tulikuwa tunaimba juu ya upendo.

Mtume Paulo aliwakemea Wakorinto kwa kosa kama hili: walikusanyika kwa chakula cha Bwana, wengine wakashiba hata kulewa, maskini wakakaa na njaa (1 Wakorinto 11). Na neno lake la Kigiriki kwa ushirika, koinonia, ndilo alilotumia pia kwa mchango wa maskini wa Yerusalemu (Waroma 15).

Sasa tumepatana: asiyeonekana Jumapili, wawili wamtembelee kabla ya Jumatano, na kitu mkononi, hata sombe tu. Wasianze na mahubiri. Na kikwembe? Asiyekiweza aje na chake cha kila siku.

Mtoto amepona. Mama yake alirudi Jumapili iliyopita, lakini aliketi nyuma kabisa, karibu na mlango.