Msaidizi Asitolewe Wodini

Hospitali za wilaya ya Kasese, Uganda, haziendi hata siku moja bila ndugu wa wagonjwa. Wao ndio wanaopika, wanaofua mashuka, wanaokimbilia duka la dawa stoo inapokauka, wanaopeleka damu maabara na kurudi na majibu. Kisha daktari anaanza raundi ya asubuhi na amri inatoka: ndugu wote nje!

Mgonjwa anayeona, anayesikia na anayejieleza atavumilia. Lakini mtu mzima asiyesikia, ambaye ishara zake za nyumbani anazielewa dada yake tu, amenyang'anywa mdomo saa ile ile anayouhitaji. Dada yuko uani na masufuria. Daktari anauliza, hapati jibu, anaandika anavyokisia. Aliyepooza naye lazima ageuzwe kila baada ya saa chache, usiku kucha, asipate vidonda vya kulalia. Muuguzi mmoja mwenye wodi nzima atamgeuza saa ngapi?

Mgonjwa akivuka mpaka kutoka Kasindi, upande wa Kongo, bila lugha anayoielewa daktari, hutafutwa mtu yeyote wa karibu anayejua Kinande au Kiswahili, na hakuna anayemfukuza. Kwa nini dada wa kiziwi afukuzwe?

Visingizio tunavijua: wodi ni finyu, simu zinaibwa, maambukizi. Hilo la mwisho hatulichezei. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo. Mtoto wa miaka 5 alipokelewa hospitali ya Kagando, akahamishiwa ile ya Bwera, akafariki. Siku zile kubana milango kulikuwa na maana. Lakini kanuni ya mlipuko haiwezi kuwa desturi ya mwaka mzima. Tena msaidizi mmoja anayejulikana kwa jina ni rahisi kumfuatilia kuliko ndugu wanne wanaopokezana bila kuandikwa popote.

Kinachotakiwa ni kalamu. Wagonjwa wetu huja na daftari. Siku ya kulazwa, muuguzi aandike kwenye jalada la daftari hilo, kwa mfano: haoni, anasaidiwa na mumewe, mume asitolewe. Msimamizi wa wodi atie saini, ili zamu ya usiku na askari wa getini wasianze ubishi upya. Hapo hapahitajiki mfadhili wala semina ya hotelini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza ubaguzi katika huduma za afya, na Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao tangu 2008.

Kuna kosa la pili, nalo hufanywa baada ya msaidizi kuruhusiwa. Daktari anampita mgonjwa na kumuuliza mwenziwe: "Anaumwa wapi?" Mgonjwa ana miaka 40, ana watoto, ana kibanda chake sokoni Mpondwe. Muulize yeye. Nanyi ndugu, mkiulizwa kwa niaba yake, mrudishieni swali. Mkono wa kumshika mtu haukupi haki ya kumkubalia upasuaji.

Jina la msaidizi nalo alitaje mgonjwa mwenyewe. Yapo mambo, kama kipimo cha virusi vya Ukimwi, uzazi wa mpango au kipigo cha nyumbani, ambayo mwanamke mwenye ulemavu hatayasema mbele ya shemeji aliyemleta kwa bodaboda. Anaweza kumtaka jirani, au amtake shemeji huyo huyo kwa kuoga na kula lakini si kwa mazungumzo na daktari. Aulizwe faraghani, na aulizwe tena baadaye, maana aliyefika na homa kali hakuchagua kitu.

Waganga wakuu wa Bwera, Kagando na hospitali nyingine za wilaya wanaweza kutoa agizo hili kwa karatasi moja iliyobandikwa mlangoni mwa kila wodi. Tunawaomba walitoe kabla ya raundi ya Jumatatu.