Tairi Kubwa Bila Kugusa Difu? Hapana

Tumeelezwa kwamba mwenye Land Cruiser akifunga tairi za inchi 35 hana haja ya kugusa difu: gia nzito ya foo-wili itabeba kazi, na injini ikizunguka polepole mafuta yatapungua. Hoja tamu, ila haipandi mlima.

Tupige hesabu. Gari lenye difu ya 4.10 na tairi za inchi 31, ukilivisha za 35, linakwenda kana kwamba difu imeshuka hadi 3.63. Nguvu ya kusukuma imepungua kwa asilimia 11 na ushee. Kwenye kona za mlima Kitonga, ukiwa na mzigo, gia ya tano haishiki. Unarudi ya nne, kisha ya tatu, huku mguu umekandamiza mafuta hadi chini. Akiba iko wapi? Na ile gia nzito ni ya matope na mawe, si ya lami kavu.

Kupata difu itakayorudisha nguvu hiyo, zidisha 4.10 kwa 35, gawa kwa 31: unapata 4.63. Anayekula lami zaidi achukue 4.56, wa porini na mizigo, 4.88. Lakini abadilishe mbele na nyuma. Difu zikitofautiana, siku ya kuingiza foo-wili zitavutana mpaka kitu kivunjike.

Ni kweli, krauni na pinioni za difu ni ghali, na fundi wa kuzipanga vizuri hapatikani kila gereji. Basi asiyemudu aishie inchi 32. Bei ya tairi kubwa ihesabiwe pamoja na difu yake.