Huisha kwanza, ndipo ujibu!

Wadau, leo nina ugomvi. Ugomvi wangu ni na hawa wasaidizi wapya wa akili mnemba, wanaoulizwa "kazi gani imebaki?" nao wakajibu harakaharaka, kwa Kiswahili safi, bila kusema habari hiyo ni ya lini. Na ugomvi mkubwa zaidi ni na wanaowaamini.

Ati amejibu bila kusita, basi anajua. Nani kasema?

Hebu tuelewane kwanza. Programu ya kupanga kazi ni daftari tu: kazi, mwenye kazi, siku ya mwisho, alama ya kuonesha imekwisha. Daftari lenyewe linakaa kwenye seva. Programu nyingi huweka nakala yake kwenye kompyuta yako, ili usikwame mtandao ukikatika. Msaidizi wa akili mnemba haoni daftari. Anaita zana, zana inamletea maandishi, naye anayasoma. Tangu Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ilipotoa itifaki iitwayo Model Context Protocol, kuunganisha zana za namna hii na programu za kazi kumekuwa rahisi. Safi sana. Hapo sina neno.

Tatizo linakuja hapa. Zana ikisoma nakala ya kwenye kompyuta, na kompyuta haijapata mtandao tangu jana, utaletewa ya jana. Hata ukiletewa ya leo asubuhi, maandishi yale yanabaki ndani ya mazungumzo. Ukiuliza tena jioni, msaidizi anaweza kukusomea yale yale ya asubuhi bila kuita zana upya. Ndiyo maana watengenezaji makini huweka amri ya kuhuisha: nenda kwenye seva, chukua upya, ndipo usome.

Kuhuisha ni kutia uhai. Na neno hili si geni hapa Busunzu. Serikali ilipoanza kutoa mbolea ya ruzuku kwa mfumo wa kidijitali, msimu wa 2022/2023, wakulima waliandikishwa vijijini. Baadaye wakatangaziwa waende kuhuisha taarifa zao. Mkulima wa mahindi haihitaji semina kuelewa hilo. Shamba ulilolima mwaka juzi si lazima liwe ndilo unalolima mwaka huu. Sasa inakuwaje anachokielewa mkulima kimshinde meneja mwenye kompyuta mezani?

Mtaniuliza, kinachokuuma nini? Tumbo! Wengi wetu tunaoandika kutoka huku, kati ya Kasulu na Kibondo, hatuna mshahara. Tunalipwa kwa habari iliyotoka. Chumba kimoja cha habari, sikitaji, kilimpa msaidizi wa namna hii kazi ya kupitia orodha kila mchana. Habari yangu niliituma saa tatu asubuhi na alama nikaiweka. Saa saba msaidizi akaripoti kwamba haijafika. Ikapewa mwandishi mwingine wa mjini, akaimaliza kwa kupiga simu mbili tatu. Aliyelipwa ni yeye. Nilipouliza nikaambiwa, "Mfumo ulionesha hujatuma." Mfumo! Mfumo ulikuwa unasoma nakala ya jana yake, na hakuna aliyeuliza.

Angalieni mzigo umemwangukia nani. Mwenye mtandao wa uhakika Dar es Salaam ataliona kosa na kupiga kelele dakika ile ile. Mwenye kutafuta mtandao kwa kupanda kilima atalijua kesho, wakati mambo yamekwisha. Nakala iliyochakaa haiwaumizi watu wote sawasawa. Inaanza na aliye mbali.

Na mfano mzuri tunao humu humu nchini. Sensa ya 2022 makarani walipita na vishikwambi, teknolojia ya kisasa kabisa. Lakini walichouliza ni nani alilala katika kaya hii usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Watu 61,741,120 ni hesabu ya usiku ule. Mtakwimu makini hakuambii kwamba ndiyo idadi kamili ya leo asubuhi. Watoto wamezaliwa, wengine tumewazika. Kama hesabu ya taifa zima ina usiku wake wa kuamkia, kwa nini orodha ya kazi kumi na mbili isiwe nao?

Wapo watakaosema kuhuisha kila mara kunakula bando, na seva zina kikomo cha maombi. Kweli kabisa. Sisemi kila mara. Nasema hivi:

Moja, kila jibu litaje saa. "Kwa orodha ya saa mbili asubuhi, kazi hii haijafanyika." Maneno machache tu.

Mbili, kabla ya kubadili chochote, iwe ni kufuta kazi, kumpa mtu mwingine au kumtumia mtu ujumbe wa kumlaumu, huisha. Kusoma tu kunaweza kusubiri. Kumnyang'anya mtu kazi hakuwezi.

Tatu, kuhuisha kukishindikana, msaidizi aseme kumeshindikana. Asichukue nakala ya zamani kimyakimya akaileta kama mpya. Huo ni uongo, hata ukisemwa na mashine isiyojua kuwa inadanganya.

Tena msisahau kwamba amri ya kuhuisha inaleta kilichofika kwenye seva, basi. Aliyemaliza kazi lakini hajapata mtandao wa kuweka alama, hata muhuishe mara mia hamtamwona. Hapo dawa ni ile ya zamani: mpigie simu, au mtumie ujumbe mfupi umsubiri. Kama hapatikani, mpeni muda kabla ya kumhukumu.

Mashine haina aibu ya kusema "sijaangalia tangu jana". Aliyeiunda ndiye aliyeamua isiseme, na aliyeinunua ndiye aliyeamua asiulize. Hao ndio nagombana nao.

Naomba kutoa hoja.