Deni Halizeeki kwa Kuvuka Bahari



Wapendwa katika Kristo, juma hili napenda tutafakari pamoja jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona sebuleni lakini hatulileti kanisani. Ni habari ya ndugu zetu walioishi ugenini, wakaondoka huko wakiacha madeni, na sasa wanataka kurudi.

Ndugu mmoja alinijia ofisini, wala si katika kitubio, na ameniruhusu nilizungumze jambo lake bila kumtaja jina. Aliishi Uingereza miaka kadhaa, akarejea nyumbani kwa ghafla mwanzoni mwa mwaka 2018, na sasa amepata nafasi halali ya kurudi kazini kule. Aliomba nimwekee nia ya Misa. "Padre, niombee njia iwe nyeupe," aliniambia. Nilipomwuliza ni kitu gani kinachoitia njia hiyo giza, alinitajia mambo matatu. La kwanza, deni la kadi ya benki, pauni 2,400. La pili, kodi ya nyumba ya miezi miwili. La tatu, upatu aliokuwa akicheza na Waafrika wenzake. Mawili ya kwanza aliyataja kwa hofu. La tatu alilitaja kwa kicheko kidogo, kama mtu anayekumbuka utundu wa utotoni.

Kisha akanieleza shauri alilopewa na marafiki zake: "Miaka sita imekwisha pita, deni limekufa. Nenda zako, badili mpangilio wa majina yako, usikae mtaa ule ule, na mtu akikuuliza, nyamaza." Ndugu msomaji, shauri hili limeenea sana miongoni mwetu, hata kwa watu washikao Rozari kila jioni. Nami leo nataka kulipinga kwa nguvu zangu zote.

Awali ya yote tuitendee haki sheria yenyewe, maana shauri baya hutembea likiwa limevaa nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba Uingereza haimfungi mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa kadi ya benki. Sheria ya mwaka 1869 ilikomesha kifungo cha madeni, isipokuwa katika mambo machache. Ni kweli pia kwamba afisa wa uhamiaji uwanjani kwa kawaida hamwulizi msafiri habari za kadi yake ya zamani. Tena ni kweli kwamba kwa sheria ya mwaka 1980, katika England na Wales, anayekudai deni la mkataba wa kawaida ana miaka sita ya kwenda mahakamani, na kumbukumbu ya deni lililoshindikana hufutwa katika taarifa zako za mikopo baada ya miaka sita.

Lakini marafiki wa ndugu yetu hawakumwambia yaliyosalia. Hawakumwambia kwamba, kama mdai alikwenda mahakamani kabla ya miaka hiyo kwisha, hukumu huweza kutolewa mdaiwa asipokuwepo, barua zikatumwa katika anwani yake ya mwisho, naye asijue lolote hadi siku atakapotafuta nyumba ya kupanga. Hukumu hiyo haifi pamoja na ile miaka sita. Hawakumwambia kwamba deni la matibabu katika hospitali za umma za kule, likifika pauni 500 na likabaki bila kulipwa, linaweza kuwa sababu ya kunyimwa viza. Wala hawakumwambia jambo lililo kubwa kuliko yote, kwamba katika England na Wales kupita kwa miaka sita hakulifuti deni. Humzuia tu mdai asishinde mahakamani. Deni lenyewe lingali pale. Uskoti wana utaratibu tofauti, ambapo muda ni miaka mitano na deni huhesabiwa kuwa limekoma. Basi tazameni: mtu yule yule, kwa kosa lile lile, angekuwa bado mdaiwa akiwa Newcastle, na asiwe mdaiwa akiwa Edinburgh. Je, dhamiri ya Mkristo nayo hubadilika treni inapovuka mpaka? La hasha!

Wengine watasema: "Padre, hakuna aliyeumia. Benki ni tajiri." Nami nawauliza, amri ya saba iliandikwa kwa ajili ya mali za maskini peke yake? Lakini tuiache benki kwanza, tuitazame ile kodi ya nyumba. Mwenye nyumba hakupata hasara hata kidogo, kwa kuwa ndugu yetu alikuwa na mdhamini. Mdhamini huyo ni mama mmoja wa Afrika Mashariki, mfanya usafi wa hospitali, aliyetia sahihi kwa sababu tu walisali kanisa moja. Yeye ndiye aliyelipa ile miezi miwili. Hakuna mahakama iliyomtetea, wala yeye hakuitafuta.

Sasa tuje kwenye ule upatu uliomchekesha. Walikuwa watu kumi, kila mmoja akitoa pauni 150 kwa mwezi. Ndugu yetu alipokea mwezi wa pili, pauni 1,500 taslimu. Alikuwa amekwisha kutoa mara mbili, yaani pauni 300. Kisha akapanda ndege. Hesabu haihitaji mwalimu: aliondoka na pauni 1,200 za wenzake. Watu wanane waliokuwa nyuma yake walipokea kila mmoja pauni 1,350 badala ya 1,500. Mmoja huenda alikuwa akisubiri zamu yake alipe ada ya mtoto, mwingine amzike mzazi. Deni hilo halimo katika kumbukumbu za benki yoyote. Halina wakili, halina barua nyekundu, wala halina wakala wa kukusanya. Ndiyo maana hakuliogopa. Na hapo ndipo ninapoukuta ugonjwa wetu, wapendwa: tunamwogopa mdai mwenye meno, na tunamcheka mdai asiye nayo. Tukiongozwa na hofu peke yake, tutawalipa matajiri na kuwadhulumu maskini, kisha tutajiita waaminifu.

Yuko msomaji mwerevu wa Maandiko atakayeniambia kwamba hata Torati iliamuru maachilio ya madeni kila mwaka wa saba, kama tusomavyo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 15, na kwamba juzi tu, katika Yubile ya mwaka 2025, Papa Fransisko aliyasihi mataifa tajiri yazisamehe nchi maskini madeni yao. Namjibu: umesoma vema, lakini soma tena uone ni nani anayeachilia. Katika Torati anayeachilia ni mwia, yaani yule aliyekopesha. Katika Yubile wanaosihiwa ni wenye kudai. Hakuna mahali popote katika Maandiko ambapo mdaiwa huamka asubuhi, akahesabu miaka, akajisamehe mwenyewe. Msamaha ni zawadi, na zawadi hutoka mkononi mwa mwenye mali. Anayejitwalia msamaha hakusamehewa, bali amechukua mara ya pili.

Kanisa halikuacha jambo hili katika giza. Katekisimu, katika namba 2411, inalihesabu suala la kulipa madeni kuwa ni wajibu wa haki, si wa hisani. Namba inayofuata inafundisha kwamba aliyechukua cha mwenzake kwa dhuluma hana budi kukirudisha, na inamkumbuka Zakayo, ambaye hakusubiri kushtakiwa ndipo arudishe. Ndiyo kusema kwamba anayekuja kitubioni akiwa na uwezo wa kulipa, lakini hana nia ya kulipa, anacheza na Sakramenti.

Na juu ya kurudi kwenyewe, tunaye mwalimu bora katika ile barua fupi kuliko zote za Mtakatifu Paulo. Onesimo alikuwa ameondoka nyumbani kwa Filemoni, na yaelekea alikuwa ameacha hasara nyuma yake. Siutetei hapa utumwa wa nyakati zile, ambao ulikuwa uovu. Natazama tu jinsi Paulo alivyolishughulikia deni. Hakumwambia Onesimo angoje hadi Filemoni asahau. Hakumwambia abadili jina. Alimtuma arudi, tena akiwa na barua mkononi. Wala hakumwandikia Filemoni kwamba hasara hiyo si kitu. Aliomba iandikwe katika hesabu yake yeye Paulo, akaahidi kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Kurudi kwa Mkristo ndiko huko: jina moja, mlango wa mbele, na deni limetajwa kabla hujaulizwa.

Sipendi nieleweke vibaya. Simhukumu mtu aliyeshindwa. Wapo waliopoteza kazi, waliougua, waliofiwa nyumbani wakaondoka kwa tiketi ya kuazima. Wapo walionyonywa na wakopeshaji wa riba za kutisha, hata serikali ya kule ikalazimika kuweka kikomo: tangu Januari 2015, katika mikopo ile ya siku chache, riba na tozo zote kwa jumla haziruhusiwi kuzidi kiasi kilichokopwa. Anayedaiwa zaidi ya haki anayo haki ya kupinga ziada hiyo. Na asiyeweza kabisa, Mungu hamdai asichokuwa nacho: wajibu wake husubiri, nia yake ikibaki hai. Lakini "siwezi" ni neno moja na "sitaki" ni neno jingine, na aliyeweza kununua tiketi ya ndege na masanduku mawili mapya ajichunguze ni lipi kati ya hayo analolisema.

Kwa ndugu zetu wa Ghuba naongeza neno, kwa sababu huko hatari ni ya namna nyingine. Katika Falme za Kiarabu, hundi iliyokosa fedha ilikuwa kosa la jinai kwa kawaida, hata sheria ilipobadilishwa kuanzia tarehe 2 Januari 2022 na sehemu kubwa ya mashauri hayo kupelekwa upande wa madai. Udanganyifu wa makusudi ungali jinai, na mdai anaweza kuomba mahakama imzuie mdaiwa asisafiri. Aliyeacha deni huko asipande ndege kwa kuamini maneno ya kijiweni. Amtafute kwanza mwanasheria aangalie kama kuna shauri lililofunguliwa kwa jina lake.

Basi anayerudi Uingereza afanye nini? Aanze na wale wasio na mahakama: mdhamini, wenzi wa upatu, rafiki aliyemkopesha nauli. Awapigie simu akiwa bado yuko nyumbani, ataje kiasi, ataje mwezi atakaoanza kulipa, na aombe radhi bila kujieleza sana. Kisha aombe taarifa zake za mikopo, ajue ni nani anamdai na kama kuna hukumu. Kabla ya kuwaandikia mabenki apate ushauri, kwa maana kulikiri deni kwa maandishi au kulipa sehemu yake kabla muda haujapita huianzisha upya ile miaka sita. Nasema haya si ili akwepe, bali ili aahidi kile atakachoweza kutimiza. Ushauri huo hutolewa bure na ofisi za Citizens Advice. Na tangu Mei 2021, mwenye kuelemewa aishiye England au Wales anaweza kupitia mshauri wa madeni kupewa siku 60 za kupumua, ambamo wadai wengi huzuiwa kumsumbua, ili apange malipo yake. Njia zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni uso wa kuzipita.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini wao hao hao walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni kuhama, wala kuzeeka, wala kubadili jina. Yule mjane aliyemlilia nabii Elisha, mafuta yalipoongezeka chomboni mwake, aliagizwa auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kile kilichobaki. Mpango huo una hekima: deni kwanza, ndipo maisha. Sisi huanza na maisha, kiwanja, na sherehe, kisha tukamwachia Mungu deni kama nia ya Misa.

Nilimwambia ndugu yetu kwamba nia yake nitaiandika, lakini nilimwomba ampigie simu yule mama mdhamini kabla ya Jumapili ya Misa hiyo. Hakupendezwa. Aliaga kwa adabu, akaondoka. Nia yake nimeiandika, na hadi ninapoandika haya sijui kama simu imepigwa. Mwombeeni. Na kila mmoja wetu, kabla hajamwombea, akumbuke ni namba gani ya simu ambayo yeye mwenyewe ameacha kuipokea.

Mwenyezi Mungu awape moyo wa haki na ujasiri wa kurudi kwa mlango wa mbele.

Ni mimi mtumishi wenu katika Kristo,
Paroko