Mwenye lango la gemu asimtoze anayerudi kurekebisha

KATIKA senta kama Omurushaka wilayani Karagwe, au Nkwenda wilayani Kyerwa, kibanda cha gemu si kitu kigeni. Ni chumba kimoja, televisheni mbili au tatu, mashine za PlayStation zilizokwishatumika, na benchi la vijana wanaosubiri zamu. Mteja analipa kwa mechi.

Wapo wanaoiona biashara hiyo kuwa ya kihuni. Mimi naiona kuwa biashara ndogo kama saluni au mashine ya kusaga. Ina mtaji, ina pango la chumba, ina umeme, na ina gharama moja ambayo wengi hawaihesabu mpaka iwakute. Hiyo ni gharama ya masasisho, yaani marekebisho ambayo mtengenezaji huyatoa baada ya gemu kuuzwa.

Ikumbukwe kwamba gemu la siku hizi mara nyingi huuzwa kabla halijakamilika. Diski inanunuliwa leo, dosari zinarekebishwa baadaye kupitia intaneti. Gemu la mpira nalo hupokea kwa njia hiyo orodha mpya za wachezaji waliohama timu. Kibanda chenye timu za msimu uliopita hukimbiwa na wateja.

Marekebisho hayo hayatoki kwa mtengenezaji yakafika Omurushaka moja kwa moja. Lazima yapite kwenye lango la kampuni yenye mashine: Sony kwa PlayStation, Microsoft kwa Xbox, na Nintendo kwa mashine zake. Mwenye lango ndiye anayekagua, ndiye anayeruhusu na ndiye anayepanga masharti. Gemu likiuzwa katika duka lake la mtandaoni, kwa kawaida hukata takriban asilimia 30 ya bei.

Mkulima wa kahawa wa Karagwe hahitaji kuelezwa sana hapo. Anajua maana ya kupitisha mzigo kwenye lango moja, na anajua kwamba anayekatwa mwisho wa hesabu ni yule aliyeko chini kabisa.

Chukua mfano wa gemu liitwalo Fez, lililotolewa mwaka 2012 na kampuni ndogo ya Canada iitwayo Polytron kwa ajili ya Xbox 360. Mwezi Juni mwaka huo kampuni ilitoa marekebisho. Yaliondoa dosari nyingi, lakini yakaharibu kumbukumbu za mchezo kwa wachezaji ambao, kwa maelezo ya kampuni, hawafiki asilimia moja.

Utaratibu wa Microsoft wakati ule ulikuwa kwamba marekebisho ya kwanza hayalipiwi, lakini yanayofuata yanalipiwa. Polytron ilisema ada hiyo ni makumi ya maelfu ya dola, nayo haina uwezo wa kuilipa. Kwa hiyo ikayarudisha sokoni marekebisho yale yale yenye kasoro, kwa maelezo kwamba wengi yanawafaa. Wachache walioumia waliachwa na maumivu yao.

Mwaka huo huo Tim Schafer wa kampuni ya Double Fine ya Marekani alitaja dola 40,000 kuwa gharama ya kupitisha marekebisho. Ni fedha nyingi kwa kampuni ndogo, na hailipi kwa kuuza kitu kipya, bali kwa kurekebisha kilichokwishauzwa.

Mwaka 2013 Microsoft iliiacha ada hiyo. Hakuna aliyeona duka lake likianguka kwa sababu hiyo. Hilo ni fundisho la kwanza: ada ya langoni ni uamuzi wa watu, na watu hao wanaweza kuibadili. Hata sisi tumeliona hilo. Mwaka 2017 ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara, na kazi ya halmashauri haikukoma.

Fundisho la pili linatuhusu zaidi, nalo ni kuhusu lango lililojengwa mbali. Mwezi Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba wanaocheza gemu la Helldivers 2 kwenye kompyuta watalazimika kuwa na akaunti ya mtandao wa PlayStation. Sharti hilo lilikuja miezi mitatu baada ya watu kulinunua gemu na kulicheza bila akaunti hiyo.

Tatizo ni kwamba nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, hazikuwa katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na mtandao huo. Gemu likaondolewa sokoni katika nchi na maeneo yapatayo 177. Wachezaji walilalamika kwa wingi, na baada ya siku chache Sony ikalirudisha nyuma sharti lake.

Kwa kijana wa Kyerwa mwenye kibanda, maana yake ni nini? Ni kwamba anaweza kununua mashine dukani, akalipa fedha halali, lakini mlango wa kununua gemu kwa jina la nchi yake haupo. Ndiyo maana wengi hufungua akaunti wakijiandikisha kama wakazi wa Afrika Kusini au Uingereza, jambo ambalo masharti hayaliruhusu. Wengine hununua mashine zilizofunguliwa kufuli na kujaziwa magemu ya kunakili.

Mashine ya namna hiyo humlazimu mwenyewe kukaa mbali na masasisho rasmi, kwa kuwa yanaweza kuirudishia kufuli. Anabaki na dosari zake na timu za zamani.

Hapa wasomaji wa mpakani watanielewa upesi. Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa iuzwe kupitia vyama vya msingi vya ushirika. Nia ilikuwa kumlinda mkulima dhidi ya butura na walanguzi. Hata hivyo, magendo ya kwenda Uganda hayakukoma, kwa kuwa aliyeona upande wa pili kuna bei nzuri na malipo ya papo hapo alivuka. Lango likiwa gumu au mbali, watu hutafuta kichochoro. Kukilaani kichochoro bila kulitazama lango ni kazi bure.

Sisemi lango lisiwepo. Ukaguzi una faida, kwani unazuia programu mbovu zisiharibu mashine za watu. Hata kwenye chama cha msingi, kahawa yenye unyevu lazima ikataliwe. Lakini mkulima aliyeirudisha nyumbani akaianika upya hatozwi faini kwa kuianika. Vivyo hivyo mwenye lango la gemu achukue chake kwenye mauzo, lakini kurekebisha asikutoze.

Serikali nayo ina nafasi yake. Tangu mwaka 2022 sheria zetu zinazitoza kodi ya asilimia 2 kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali hapa nchini. Tunapokaa nazo mezani kuzungumzia kodi, tuzungumzie pia huduma. Kampuni ambayo mashine zake zimejaa katika senta zetu iulizwe ni lini itafungua duka lake kwa Mtanzania.

Mwenye kibanda naye asisubiri hisani. Programu ya kuendesha PlayStation 4 inaweza kupakuliwa mahali pengine na kuletwa kwa flashi, lakini marekebisho ya gemu lenyewe hayaji kwa njia hiyo. Kwa kawaida kila mashine hujipakulia ya kwake, na yanaweza kufika gigabaiti nyingi. Mwenye mashine nne basi ana mzigo mara nne. Kifurushi cha intaneti kiingizwe kwenye hesabu za mwezi kama umeme unavyoingizwa, kabla ya kupanga bei ya mechi.

Na kwa kijana wa Kayanga anayetaka kutengeneza gemu lake mwenyewe, ushauri wangu ni aanzie kwenye lango la bei nafuu. Duka la Google la simu hutoza dola 25 mara moja tu kujiandikisha, na Steam ya kompyuta hutoza dola 100 kwa kila gemu. Tangu mwaka 2021 Google hukata asilimia 15, badala ya 30, kwenye dola milioni moja za kwanza za mwaka. Marekebisho hayalipiwi. Mashine za sebuleni zitafuata akishapata soko.

Baba zetu walijifunza kwa gharama kubwa kuuliza makato kabla ya kupeleka kahawa kwenye mizani. Vijana wa vibanda waulize mapema, kabla hawajanunua mashine.