Imani Si Mali ya Kufungia Sandukuni



Iko mithali moja inayotumiwa vibaya siku hizi katika mitaa yetu ya Lubumbashi. Ukimwuliza Mkatoliki wa Katuba au wa Kamalondo kwa nini hajamwambia jirani yake neno lolote juu ya Bwana wetu Yesu Kristu, naye wamekaa ukuta kwa ukuta miaka kumi, atakujibu: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Maana yake, dini yetu ni nzuri, haina haja ya kutangazwa; wapigao makelele barabarani ndio wenye bidhaa mbovu. Akiisha kusema hivyo hucheka, huona amemshinda mwulizaji, huenda zake.

Sisi twasema mithali ni ya kweli, lakini aitumiaye hivyo haielewi. Nenda soko la Kenya asubuhi. Mama auzaye unga mzuri wa mahindi hapigi kelele, ni kweli. Lakini amelifungua gunia lake, ameliweka mbele ya watu, kila apitaye auone unga, auguse, aulize bei. Naye akiulizwa hujibu. Unga mzuri uliofungiwa nyumbani chini ya kitanda haujiuzi, huliwa na fukusi. Kizuri chajiuza kikiwa sokoni.

Na tujiulize, imani hii ilitufikiaje? Mwaka 1910, mwaka ule ule mji wetu ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville, Roma iliweka Prefektura ya Kitume ya Katanga mikononi mwa Wabenedikto waliotoka Ubelgiji, wakiongozwa na Padri Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuja kuwa Askofu baadaye. Mwaka 1911 wakafuata Wasalesiani. Mapadri walikuwa wachache, na watu wa migodi walizidi kuongezeka mwaka kwa mwaka, wakitoka Kasai, Rwanda na Rodezia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Nani aliyewafundisha sala jioni kambini, baada ya kazi ya shaba? Mara nyingi alikuwa katekista, ama mfanyakazi mwenzao aliyetangulia kubatizwa. Hata lugha hii tunayoiandika haikuzaliwa hapa. Wasafiri na wafanyakazi waliileta, wakaipokezana kinywa kwa kinywa. Hakuna aliyejifunza Kiswahili kwa kutazama kinywa kilichofumbwa, na imani ni vivyo hivyo.

Wengine husema: "Hiyo ni kazi ya padri, sista na katekista. Tena Papa Fransisko aliufanya ukatekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa." Ndiyo, marehemu Papa Fransisko alifanya hivyo tarehe 10 Mei 2021, nasi makatekista tulifurahi sana. Lakini huduma ya mmoja haifuti wajibu wa wote. Kwa kuwa yuko mwuguzi katika dispensari, je, mama ataacha kumpa mtoto wake mgonjwa maji? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya misioni ya tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba Kanisa kwa tabia yake yenyewe ni la kimisioni. Kanisa maana yake si jengo la parokia wala nyumba ya mapadri. Kila aliyebatizwa yumo.

Tena tuhesabu vizuri. Katekista humwona mkatekumeni saa moja au mbili kwa juma. Saa nyingine zote mtu huyo yuko kazini, sokoni, katika basi, nyumbani. Huko hukutana na Wakristu wangapi? Wakimnyamazia wote, atadhani kwamba mambo aliyofundishwa ni ya chumba cha katekisimu tu, kama hesabu za shule asizozihitaji dukani.

Wengine tena hujitetea: "Sisi hatukusoma." Hao twawaonyesha Mwenye Heri Isidori Bakanja, kijana wa nchi yetu hii ya Kongo. Alikuwa msaidizi wa waashi huko Mbandaka, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Hakuwa padri, wala hakuwa katekista. Alijua sala zake, akavaa skapulari ya Bikira Maria shingoni, akakaa na rozari mkononi. Alipokwenda kutumika kwa Wazungu wa kampuni moja ya biashara, aliwafundisha wafanyakazi wenzake kusali. Msimamizi aliyechukia dini akamwamuru aache, aivue na ile skapulari. Bakanja hakukubali. Mwaka 1909 akapigwa mijeledi ya ngozi yenye misumari, mpaka mgongo wake ukawa kidonda kimoja. Aliteseka miezi mingi, akamsamehe aliyempiga, akafa tarehe 15 Agosti mwaka huo huo. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Angalieni, wapenzi wasomaji: tangu ubatizo wake hata kupigwa kwake haikupita miaka mitatu. Sisi wengine tumebatizwa miaka thelathini, arobaini, na bado twasema hatujawa tayari! Bakanja alikatazwa kwa mijeledi asiyaseme aliyoyajua. Sisi nani ametukataza? Hakuna msimamizi, hakuna mjeledi. Twajikataza wenyewe kwa haya.

Lakini wako wanaosema kwa hekima zaidi: "Mungu ni mwenye huruma, anaweza kuwaokoa watu hata bila sisi." Jambo hili Papa Paulo VI alilijibu katika barua yake ya tarehe 8 Desemba 1975 juu ya kutangaza Injili. Alikubali kwamba Mungu aweza kuwaokoa watu kwa njia anazozijua mwenyewe. Kisha akatugeuzia swali: sisi tulioipokea habari njema tukaificha kwa uvivu au kwa aibu, sisi tutaokokaje? Swali hilo haliwahusu wapagani. Latuhusu sisi tunaokaa viti vya mbele Dominika.

Sasa tufike kwenye neno linalouma. Katika mji huu Wakatoliki wengi wamekwenda makanisa ya uamsho. Sisi huwalaumu, twasema wamefuata miujiza na ngoma. Huenda wengine ni hivyo. Lakini ulizeni vizuri. Mtoto alipougua usiku, jirani wa kanisa la uamsho alifika usiku ule ule, akapiga magoti, akasali na mama. Mume alipofukuzwa kazi, walifika na kibakuli cha unga. Na sisi tulifika lini? Tulifika siku ya matanga, tumevaa sare ya chama chetu, tukaimba vizuri, tukarudi nyumbani. Mtu wa namna hiyo hatukunyang'anywa. Tulimwacha njiani, mwingine akamwokota.

Hatusemi tuige kila wanalofanya. Vipaza sauti vinavyowanyima wagonjwa usingizi si Injili. Kutukana dini ya wengine, wakiwa Waprotestanti au Waislamu, si Injili. Mtaguso, katika tamko lake juu ya uhuru wa dini la mwaka huo wa 1965, umekataza kumlazimisha mtu katika mambo ya imani. Na lililo baya kupita yote ni wale wahubiri wanaomwita mtoto mchawi, wazazi wakamtupa barabarani. Injili inayofukuza watoto si ya Yule aliyewaita watoto kwake. Wasalesiani hapa Lubumbashi wana nyumba ya kuwapokea watoto wa barabarani, nayo yaitwa kwa jina la Bakanja. Anayetaka kujua tofauti ya mahubiri na mahubiri, na aende akaone huko.

Lakini tusifanye makosa ya wengine kuwa kisingizio chetu. Kwa kuwa mmoja hupiga kelele, haifuati kwamba mwingine awe bubu. Kumheshimu jirani ni kumwambia lililo jema kwa upole, kisha kumwachia uhuru wake.

Katanga yetu imekwisha kuona jambo hili likifanyika. Tangu mwaka 1953, huko Kolwezi, Padri Placide Tempels, Mfransisko, alikutana na wafanyakazi wa migodi na wake zao, akawasikiliza. Ikazaliwa Jamaa. Mume na mke walitembelea mume na mke, wakaongea nyumbani juu ya uzima, uzazi na mapendo, na juu ya Kristu na Maria. Hawakuwa na magari wala vitabu vingi, na mafundisho yao yakaenea kambi kwa kambi hata Kasai. Baadaye vikundi vingine vilipotoka, vikawa na mafundisho ya siri, na katika miaka ya 1970 maaskofu walilazimika kuchukua hatua. Hapo twajifunza mawili: imani hupita vizuri sana nyumba kwa nyumba, na nyumba hizo zisiachane na Kanisa, zisije zikapotea.

Basi tufanye nini? Kwanza matendo, maana anayesimamia Injili kwa mdomo na kuharibu mizani kwa mkono huwafukuza watu. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui wa Goma alifanya kazi ya kukagua mali zipitazo mpakani. Mwaka 2007 alikataa hongo ili mchele ulioharibika usiingie kuwadhuru watu, akauawa. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri. Huo ulikuwa ushuhuda ofisini, katikati ya karatasi na mihuri.

Pili, neno. Mwenzako akikuuliza kwa nini hukupokea hongo, usijibu "ni tabia yangu tu." Mwambie: kwa sababu ya Kristu. Neno hilo moja latosha kwa siku ya kwanza.

Tatu, miguu. Jumuiya ya mtaa isingoje matanga. Nyumba yenye mgonjwa ijulikane leo, itembelewe leo. Aliyeacha kuja Misa aulizwe habari zake bila kugombezwa. Mtoto wa jirani apendaye kusikiliza sala zenu za jioni, mfungulieni mlango, wazazi wake wakikubali.

Twajua kazi ya machimbo ni ngumu, na mfuko wa wengi ni mtupu kabla mwezi haujafika nusu. Lakini hatukuwaomba fedha. Bwana aliwatuma wavuvi, nao hawakumwambia wangoje kwanza wapate mali. Jirani yako yuko upande wa pili wa ukuta. Juma hili, kabla ya Dominika, mpigie hodi.