Pampu ya Pili



Kwaya inakodi boti kwenda Ukerewe. Mzee wa kanisa anauliza kama kuna pampu ya akiba ya kutolea maji. Anajibiwa, "Mzee, mbona imani yako ndogo? Tumeshaomba." Jibu hilo nimewahi kulisikia kwa masikio yangu, na wote tukacheka. Leo sicheki.

Tundu la upana wa sentimita 5, nusu mita chini ya maji, huingiza lita 200 hivi kila dakika. Kwa ndoo hamtafika. Pampu ya umeme hutegemea betri, na betri mara nyingi hukaa chini kabisa, maji yanakoanzia kujaa. Ikizimika, mnahitaji nyingine ya kusukuma kwa mkono.

Soma Matendo ya Mitume 27. Malaika alikwisha kumwahidi Paulo kwamba hakuna atakayepotea kati ya watu 276. Bado mabaharia walipima kina, wakatupa nanga nne. Na walipotaka kutoroka na mashua, ni Paulo huyohuyo mwenye ahadi aliyesema kwamba wakiondoka hao, wengine hawataokoka.

Sasa wewe wa kamati ya safari. Fedha za sare za kwaya zimepatikana (na kweli zinapendeza). Kabla ya kulipa nauli, mwombe nahodha akuonyeshe pampu ya pili, aisukume ukiona maji yanatoka. Akikasirika, tafuteni boti nyingine.